Gatakaa na Sauti ya Pili

Ukifika Githongo na kumuulizia Gatakaa, watu watataka kwanza kujua kama umeleta kitambaa. Alikuwa fundi wa nguo, mwenye kibanda cha mabati ya kijani kando ya barabara ya kwenda kiwanda cha kahawa, na kwaya nyingi za eneo la Imenti zilimjua kwa majoho. Joho lililotoka mkononi mwake halikujikunja shingoni likifuliwa, na kwapa zake zilikatwa kwa upana ambao mwimbaji angeinua kitabu cha nyimbo bila kusikia mshono ukilia. Mwenyewe aliimba alto katika kwaya ya parokia, safu ya pili. Umri wake ulikuwa miaka arobaini na kitu. Mumewe aliendesha lori la mahindi na alionekana nyumbani kwa nadra, kwa hiyo mtu aliyekaa naye muda mwingi ni binti yake, Nkirote, mwalimu wa chekechea.

Wateja walikuwa na swali moja ambalo hawakuwahi kupata jibu lake la kuwaridhisha. Mbona kwenye kibanda kile hakukuwa na redio ya vichekesho kama kwa mafundi wengine? Gatakaa aliiweka simu yake ndani ya mkebe mtupu wa majani ya chai ili sauti ivume, na kutoka humo mkebeni walitoka Waitaliano na Wajerumani wakiimba kana kwamba nyumba inaungua. Ilikuwa opera, ule mchezo wa jukwaani ambao watu hawasemezani, wanaimbiana tu, hata mtu akiomba maji ya kunywa.

Jambo hilo lilianzia utotoni. Alijifunza kushona kwa Sista Agnese, mtawa wa Kiitaliano aliyekuwa na chumba cha ushonaji kwenye misheni na kinanda cha santuri juu ya kabati. Wasichana wakipinda marinda, santuri ilizunguka, na Sista aliuliza bila kuinua macho, "Huyu anafurahi au analia? Ni binti au ni mama mtu? Ni wangapi wanaoimba sasa?" Wenzake walibahatisha. Gatakaa hakubahatisha. Waimbaji wakiwa wanne wamepandana kama kuni kichwani, yeye aliwatenganisha mmoja mmoja. Hakujua Kiitaliano hata neno. Alijua koo za watu.

Aligunduliwa na Kiunga. Huyu alikuwa karani wa mahakama mjini Meru, mwanamume mnene mwenye adabu nyingi, aliyeleta koti lipanuliwe. Alisimama mlangoni akatega sikio kuelekea mkebeni.

"Huyo ni soprano?" aliuliza.

"La, ni mezo, wa katikati," Gatakaa akajibu akiwa na pini mdomoni. "Soprano angekuwa ameshapanda juu ya paa. Huyu sauti yake ina kivuli."

Kiunga akaketi bila kualikwa. "Mama, haya mambo umeyasomea wapi?"

"Sijayasomea. Nimeyasikiliza nikipinda marinda."

Hivyo ndivyo alivyoingia katika chama cha Wasikilizaji. Kilikuwa chama kidogo cha watu waliokutana Jumamosi moja kila mwezi kwenye hoteli moja ya ghorofani mjini Meru, wakaagiza chai na mandazi, wakafumbiana mafumbo ya muziki wa kale wa Ulaya na wa opera. Kiunga alijua tarehe na majina. Beverlyne, msichana wa maabara ambaye alipiga fidla tangu sekondari, alijua vyombo na noti. Gatakaa alikuwa sikio. Mafumbo mengine yalikuwa ya kujua: neno opera maana yake ni nini kwa Kiitaliano? Kazi, basi, kazi tu. Okestra ikitaka kupatanisha vyombo, nani hutoa noti ya kufuatwa? Mpiga obo, ile zumari ya Kizungu. Lakini mafumbo yenye utamu yalikuwa ya kusikiliza. Kipande kifupi kilichezwa, kisha ukaulizwa: chombo gani kimeingia hapo mwisho? Yule anayeimba sehemu ya kijana, kwa kweli ni mwanamume au mwanamke? Hapo wenzake waliweka kalamu chini na kumtazama Gatakaa, na yeye alifumba macho, akafumbua, akasema. Hakukosea mara nyingi.

Embu nao walikuwa na kundi lao, likiongozwa na Mwalimu Mutugi, mzee mrefu aliyestaafu kufundisha muziki na ambaye hata salamu alizitoa kwa mapigo. Kila mwaka makundi mawili yalishindana, na walioshindwa waliwapikia washindi chakula cha mchana. Kwa miaka mitatu mfululizo Embu ndio waliopika.

Basi mwaka huo, msimu wa baridi, Gatakaa alishikwa na homa ya mafua. Ilikuwa homa ya kawaida, ya kunywa maji ya tangawizi na kulala mapema. Iliondoka, ila sikio la kushoto likabaki limeziba, kama mtu aliyetoka kuoga na maji yakamwingia. Alitikisa kichwa, akapiga miayo, akaacha. Kazi zilikuwa nyingi.

Jumapili iliyofuata, kwaya ikafungua wimbo wa kuingia, na Gatakaa akashtuka. Kinoti, mpiga kibodi, alikuwa akibonyeza noti moja lakini zilitoka mbili, moja mahali pake na nyingine juu yake kidogo, zikisuguana kama meno ya mtu anayesaga usingizini. Alimgeukia mwenzake wa alto, Igoki.

"Kinoti amefanya nini hiyo kibodi?"

"Amefanya nini?"

"Husikii?"

Igoki akamwangalia, akaendelea kuimba. Gatakaa akatazama safu nzima. Nyuso zilikuwa shwari. Wazee wa soprano walikuwa wamefumba macho kwa raha. Akajaribu kuimba, akatafuta noti yake, asijue aishike ile ya chini au ile ya juu, na mwishowe akabaki anachezesha midomo tu, mtu wa miaka zaidi ya ishirini katika kwaya ile.

Baada ya misa alimwendea Kinoti, baba wa watoto watatu aliyeuza pembejeo siku za wiki na kupiga kibodi kwa kujitolea.

"Kinoti, kuna kitufe umegusa. Hii kitu inatoa sauti mbili mbili."

"Sijagusa kitu, Mama Nkirote."

"Imeharibika basi."

"Iko sawa. Sikiliza." Akabonyeza.

"Si hiyo! Hata sasa! Jamani, kwani nyinyi wote hamsikii?"

Hakuna aliyesikia, lakini ilikuwa vigumu kusema hivyo mbele ya Gatakaa, kwa maana sikio lake lilijulikana. Mwenyekiti wa kwaya akakuna kidevu. Pengine kuna hitilafu ndogo, akasema, ambayo sisi wa kawaida haitufikii. Kibodi ikapakiwa, ikapelekwa kwa fundi mjini, na Kinoti akatazamwa kama mtu anayeharibu mali ya kanisa. Fundi akairudisha na kusema haina neno. Jumapili ikafika, na neno likawa palepale.

Gatakaa hakujua tena ashike lipi. Cherehani yake ya umeme, ambayo kwa miaka yote ilinguruma kwa sauti moja aliyoizoea kama sauti ya mumewe, sasa ilinguruma kwa sauti mbili. Akaifungua, akaitia mafuta, akabadilisha mkanda. Kengele ya shule, mbuzi wa jirani, Nkirote akimwita kwa mbali, kila kitu kilikuwa kimepata pacha. Mkebeni, waimbaji aliowapenda walisikika kama walevi. Akafikiri mkebe umepata kutu. Akanunua majani mengine ya chai, akayamimina kwenye bakuli ili apate mkebe mpya.

"Mama, kwani hii chai yote ni ya nani?" Nkirote akauliza.

"Ninyamazie kidogo."

Kwa nini hakufikiria kwamba ni yeye? Mtu angeuliza, na baadaye alijiuliza mwenyewe. Lakini mwenye macho mazuri akiona ukuta umepinda, husema ukuta umepinda. Sikio lilikuwa ndicho kitu kimoja ambacho maishani hakijawahi kumdanganya. Dunia ingeweza kuharibika, na kwa kweli vitu huharibika kila siku. Sikio, hapana.

Katika hali hiyo wakasafiri kwenda Embu.

Shindano lilifanyika katika ukumbi wa kanisa, viti vya plastiki vimepangwa pande mbili, na katikati meza yenye spika. Msimamizi alikuwa Bi. Kanini, mkutubi asiye wa upande wowote, ambaye ndiye aliyeandaa maswali yote. Watazamaji hawakuwa wengi: familia, wanakwaya kadhaa, na watu wawili waliodhani kuna semina ya kilimo na wakaona haya kutoka. Upande wa Embu alikaa Mwalimu Mutugi pamoja na Njue, mhasibu mwembamba asiyecheka, na mama mmoja mwenye kitambaa cha zambarau kichwani.

Maswali ya kujua yakaenda sare. Kiunga alijibu la kwake akiwa amesimama, kama yuko mahakamani. Beverlyne akajibu la fidla. Wakafika duru ya kusikiliza wakiwa bega kwa bega, na Kiunga akamsukuma Gatakaa kwa kiwiko. "Sasa ni zamu yako, Mama."

Kipande cha kwanza kilikuwa cha tarumbeta, na wote walikipata, kwa kuwa tarumbeta hata mtoto huijua. Cha pili, Bi. Kanini akasoma swali polepole, "Mtasikia wimbo usio na vyombo. Semeni ni sauti ngapi zinazoimba. Meru mtaanza."

Spika ikakohoa, kisha mwanamke akaanza kuimba. Alianza chini, kwa utulivu, akapanda taratibu kama mtu anayepanda ngazi akiwa amebeba taa. Na kando yake, juu kidogo, kulikuwa na mwanamke mwingine. Gatakaa alimsikia waziwazi. Yule wa pili alimfuata wa kwanza kila hatua, hakumwacha, hakumkaribia, na mwendo wao ulimtia uchungu moyoni kwa sababu ulikuwa mbaya na mzuri kwa wakati mmoja. Hakuwahi kusikia waimbaji wawili wakiwekwa karibu hivyo. Mtunzi gani alithubutu?

"Wawili," akasema.

Beverlyne akamwinamia. "Mama, mimi nasikia mmoja."

"Ni wawili. Wa pili yuko juu, sauti nyembamba kidogo."

"Una hakika?" Kiunga akanong'ona.

"Kiunga, umewahi kuniuliza hivyo?"

Hakuwahi. Akasimama. "Sauti mbili, Bi. Msimamizi."

Kisha Mwalimu Mutugi, upande wa pili, akasema kwa upole, karibu kwa huruma, "Sauti moja." Na Bi. Kanini akaandika alama upande wa Embu.

"Sikubali!" Gatakaa alijisikia akisema. Alikuwa amesimama. "Rudia hicho kipande."

Kikarudiwa. Wanawake wawili wakapanda ngazi ileile.

"Huyo hapo! Na huyo! Hamumsikii? Mwalimu Mutugi, wewe ni mtu mzima, sema kweli ya Mungu."

"Namsikia mwanamke mmoja, Mama. Anaimba vizuri sana."

Akamgeukia Beverlyne, na Beverlyne akatazama chini. Akamgeukia Kiunga, na Kiunga akawa anafuta miwani yake. Wale watu wawili wa semina ya kilimo walikuwa wamesahau haya zao na wakamkodolea macho. Gatakaa akaketi. Ama ukumbi mzima ulikuwa umekula njama, jambo ambalo halikuwezekana, ama… Hakumaliza wazo hilo. Lilikuwa na giza mbele yake.

Meru wakashindwa. Njiani kurudi, walipovuka Chuka, Kiunga aliyekuwa akiendesha gari akasema, "Si kitu. Tutapika tu." Na kwa Gatakaa maneno hayo yalikuwa mabaya kuliko matusi.

"Unadhani niliropoka," akasema.

"Sijasema hivyo."

"Spika yao ni mbovu. Ndiyo iliyotoa sauti ya pili."

"Mama, kama ni spika, mbona sisi…"

"Basi nishushe hapo mbele!"

Hakushushwa, kwa kuwa ilikuwa porini.

Siku chache zikapita na hasira ikamwivia. Asubuhi moja alikuwa kibandani akipima joho la mteja juu ya meza, mkono wa kulia umeshikilia kitambaa kilichojaa pini, akaona hawezi kuvumilia. Angempigia Kiunga na kumweleza mara ya mwisho kuhusu ile spika. Simu huwa anaishika kwa mkono wa kulia, sikio la kulia. Sasa mkono huo ulikuwa na kazi, kwa hiyo akaichukua kwa kushoto, akaibana kwenye sikio la kushoto.

Kiunga alikuwa ameweka kwenye simu yake muziki wa kuwaburudisha wanaosubiri apokee: tarumbeta za harusi, mbio mbio, zenye majivuno kama yeye mwenyewe. Gatakaa aliujua muziki huo kama kiganja chake. Lakini leo ulikuwa mbali, kama umefunikwa blanketi, na ulikuwa juu. Ulikuwa wimbo uleule, ila umenyanyuliwa. Kumbe ameubadilisha, akawaza. Mteja akaomba kuuona mshono, kitambaa kikatoka mkononi, akahamishia simu kulia. Wimbo ukashuka.

Akaganda.

Akarudisha kushoto. Ukapanda. Kulia, ukashuka. Kushoto, ukapanda. Tarumbeta zilikuwa zilezile, hazikusimama hata mara moja kupumua.

"Haloo?" Kiunga akapokea. "Haloo? Mama Nkirote?"

Gatakaa akaihamisha sauti ya Kiunga kutoka sikio hadi sikio. Kulikuwa na Kiunga mmoja mnene na Kiunga mwingine, mwembamba, kama wa bati.

"Haloo? Kuna shida?"

"Kiunga," akasema, na sauti yake mwenyewe ilimfikia ikiwa mbili. "Ni mimi."

"Najua ni wewe. Jina limetokea."

"Sikiliza ninachosema. Si spika. Ni mimi."

Kiunga hakuelewa. Gatakaa akakata simu, akamwambia mteja arudi kesho, akafunga kibanda mchana kweupe. Alipofika nyumbani alimkalisha Nkirote kwenye kochi, akamwambia aimbe noti moja aishike. Akaziba sikio moja kwa kidole, akafungua, akaziba la pili. Nkirote aliimba mpaka pumzi ikamwishia, macho yamemtoka, akidhani mamake amerukwa na akili.

"Mama, unanitisha."

"Hata mimi najitisha. Imba tena."

Kesho yake walikwenda pamoja hospitalini mjini Meru. Daktari wa masikio alikuwa kijana aliyeitwa Mbae, mwenye kuongea haraka. Alitazama ndani ya sikio akasema halina uchafu. Kisha akatoa chuma chenye meno mawili kama uma, akakigonga gotini, kikalia kwa sauti nyembamba safi, akakisogeza kwenye sikio la kulia na kisha la kushoto.

"Unasikia tofauti?"

"Huku ni noti ya La," Gatakaa akasema akigusa sikio la kulia. "Huku ni La iliyopanda, karibu ifike noti ya juu yake, Si bemoli. Na iko mbali."

Daktari akaacha kuandika. Wagonjwa wengi, alisema, humwambia kwamba huku inasikika na huku haisikiki. Hajawahi kupewa majina ya noti. Akamweleza kwamba ndani kabisa ya sikio kuna kitu kilichojiviringa kama konokono, na ndani yake kuna vinyweleo vidogo sana, kila kikundi na sauti yake. Vya kushoto vimeumia, labda kwa virusi vya ile homa. Sauti ni moja, lakini kila sikio linaipeleka kwenye ubongo kwa jina lake.

"Itapona?"

"Ungekuja wiki ile ile ya homa ningekuahidi zaidi. Tutakupa dawa ya kupunguza uvimbe wa ndani, tuone. Inaweza kurudi yote, inaweza kurudi nusu. Wengine hubaki hivyo."

"Na lipi ni la kweli?"

"Lipi nini?"

"Sikio. Lipi linasema kweli?"

Daktari Mbae akacheka, akaona kwamba mgonjwa wake hacheki. "La kulia, mama. Amini la kulia."

Ni rahisi kusema. Kwa wiki nyingi Gatakaa aliishi kama mtu mwenye wapangaji wawili wagomvi kichwani. Aliziba la kushoto kwa pamba alipokuwa kanisani, na noti zikawa moja moja, lakini muziki ukawa bapa, kama picha iliyobandikwa ukutani. Akiitoa pamba, muziki ulikuwa mnene tena, na mbovu. Usiku mmoja alilia, si kwa maumivu, maana hakuna palipouma. Alilia kwa sababu hakukumbuka vizuri tena jinsi mambo yalivyokuwa yakisikika zamani, na hakuwa na mtu wa kumuuliza.

Kwa Kinoti alikwenda mwenyewe, dukani, akasubiri wanunuzi wa mbolea waondoke.

"Kibodi haikuwa na kitu," akasema. "Na wewe hukuwa na kitu. Ni sikio langu. Nimeshamwambia mwenyekiti, na Jumapili nitawaambia wanakwaya."

Kinoti alikuwa na kinyongo, na hakukificha. Alipanga chupa za dawa ya ng'ombe kwenye rafu kwa muda. "Mke wangu aliniambia niache kabisa," akasema mwishowe. "Nilianza kuisikia hiyo sauti ya pili mimi mwenyewe, unajua? Ulisema kwa nguvu mpaka nikaisikia."

Gatakaa hakujua acheke au aombe msamaha mara ya pili. Aliomba msamaha.

Siku ya deni la chakula ikafika, na Embu wakaja Githongo wote. Gatakaa na Beverlyne walipika mukimo wa viazi na mahindi, kuku wa kienyeji na kabeji, Kiunga akaleta soda na koti lake pana. Kabla ya kula, Gatakaa akasimama, akawaeleza. Alidhani watamwonea huruma, na alikuwa amejiandaa kuichukia huruma hiyo. Lakini Mwalimu Mutugi aliusogeza mbali uma wake, macho yakamng'aa kama mtoto.

"Kwa hiyo ulisikia kweli wanawake wawili?"

"Niliwasikia, Mwalimu. Hata leo ningeapa."

"Walikuwa wametengana kiasi gani? Nusu toni?"

"Pungufu kidogo. Na wa juu alipofika kileleni alijitenga zaidi."

"Njue! Andika hiyo."

Njue, asiyecheka, akaandika. Chakula kikapoa. Walimwimbia noti za chini, wakamwimbia za juu, wakamwuliza sauti zinatengana wapi na zinakutana wapi. Waligundua kwamba kwenye noti za chini kabisa masikio yalipatana, na kwamba ugomvi ulianza pale ambapo sauti za wanawake huanza. Mama wa kitambaa cha zambarau akasema fumbo gumu kama hili hajawahi kuliona katika shindano lolote, akaomba kuongezewa kuku. Gatakaa akawa katikati yao, akijibu, asijue kama amekuwa mgonjwa, mchezaji au swali lenyewe. Kwa mara ya kwanza tangu homa, jambo hilo halikumuuma.

Dawa zilisaidia, ila si kabisa. Sauti ya pili ilishuka kidogo kidogo kuelekea ya kwanza, mpaka zikawa karibu sana, na hapo kukawa na tabu mpya: siku nyingine hakuweza kujua kama ziko mbili au moja. Katika kwaya alirudi kuimba, akisimama upande ambao sikio la kulia lilimwelekea Igoki. Katika chama aliiacha duru ya kusikiliza. Beverlyne akaichukua, akawa anakosea mahali ambapo Gatakaa asingekosea enzi zake, naye akajifunza kuuma ulimi na kushika kikombe cha chai kwa mikono miwili. Badala yake aliomba vitabu kwa Kiunga, akaanza kusoma habari za watunzi na waongozaji, polepole, kidole kikifuata mstari.

Shindano lililofuata lilikuwa Meru. Bi. Kanini akasoma, "Mwongozaji mmoja wa zamani, huko Ufaransa, alikuwa akipiga mapigo kwa kugonga sakafu na fimbo ndefu. Fimbo hiyo ilimletea kifo. Vipi?"

Kiunga akamgeukia Beverlyne. Beverlyne akatikisa kichwa. Gatakaa akainua mkono.

"Alijigonga kidole cha mguu," akasema. "Kidonda kikaoza. Wakataka kumkata mguu, akakataa, akafa."

"Sawa!"

Makofi yakalipuka. Gatakaa, mwenye furaha, akasimama, akageukia kule ambako sikio la kulia lilimwambia makofi yametoka, akainamisha kichwa kwa heshima, na alipokiinua aliona mbele yake ukuta, kalenda ya mwaka jana na beseni la kunawia mikono. Watu wote walikuwa nyuma yake. Akageuka. Nyuso zao zilikuwa zimejikaza, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza, mpaka Njue wa Embu, ambaye hacheki, akacheka.

"Mlikuwa upande gani jamani?" Gatakaa akauliza, naye mwenyewe akiwa ameanza kucheka, na kicheko cha ukumbi kikamjia kutoka pande ambazo hakuweza kuzipanga.